Tusiishie kwenye “Nzuri Sana”

Kama ilivyo ada ya safu hii, tunachukua neno moja tulilolisikia mara nyingi siku za karibuni, tunalikalisha chini na kulihoji. Safari hii neno lenyewe ni mrejesho.

Limetoka kwenye kurejesha, yaani kurudisha. Ukisoma magazeti ya Dar es Salaam utalikuta mara kwa mara: wananchi wametoa mrejesho, ofisi fulani inasubiri mrejesho. Wenzetu ambao wazazi wao wametoka Kenya wanasema nyumbani kwao husikika zaidi maoni. Tumeyaweka maneno haya mawili mezani tukaona hayalingani. Maoni unaweza kuwa nayo juu ya jambo lolote, hata mechi ambayo hukuitazama. Ili utoe mrejesho, lazima uwe umepokea kitu kwanza, na hicho unachokirudisha kina mwenyewe anayekingoja. Bibi zetu wa pwani hawarudishi sahani ya jirani ikiwa tupu. Jirani akileta futari leo, kesho sahani yake inarudi na maembe, au mahamri, au hata ndimu mbili tu, lakini hairudi hivi hivi. Sasa mtu aliyesimama mbele yetu nusu saa nzima akatupa alichonacho, sahani yake tunairudisha na nini?

Swali hili limetokana na ile jioni yetu ya kompyuta. Mliokuwepo mnakumbuka: wanachama wanaosoma uundaji wa programu walizungumza kwa Kiswahili juu ya kazi zao, sisi wa Dallas na Fort Worth tukiwa ukumbini, wenzetu wa Houston wakifuatilia kwa video. Mmoja alieleza hifadhidata kwa mfano wa daftari la madeni la duka la mtaani. Mwingine, dada mmoja wa mwaka wa tatu, alituonyesha programu ya simu aliyomwandikia baba yake, ambaye ni dereva wa lori. Programu hiyo inaandika maili alizokwenda katika kila jimbo na mafuta aliyonunua humo, kwa sababu malori yanayovuka majimbo hutozwa kodi ya mafuta kulingana na maili za kila jimbo. Mzee alikuwa akifanya hesabu hizo kwa kalamu usiku, mezani jikoni. Sasa anabonyeza mara mbili.

Mwishoni tuligawa karatasi za mrejesho, kisha sisi waandishi wa safu hii tukapewa kazi ya kuzisoma na kuzifikisha kwa wahusika. Karatasi zilijigawa zenyewe mafungu mawili. Fungu la kwanza lilisema: nzuri sana, hongera, safi, Mungu akubariki, endelea hivyo hivyo. Fungu la pili lilisema: sema “programu hii”, usiseme “programu hiki”, umechanganya Kiingereza mno, “batoto” si Kiswahili.

Hilo la mwisho aliandikiwa mwenzetu ambaye familia yake imetoka Bukavu. Kwao watoto ni batoto, na mamilioni ya watu mashariki mwa Kongo wanaelewana vizuri tu.

Yule dada wa programu ya lori alizisoma karatasi zake kimya. Akasema mara nyingine, kama atazungumza tena, atazungumza kwa Kiingereza. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayechagua njia isiyo na foleni.

Hapo ndipo tunapotaka kukaa mwezi huu, kwa sababu klabu hii ipo ili jambo la namna hiyo lisitokee. Wengi wetu tumelelewa na Kiswahili cha kusikia. Tunaelewa kila kitu mama anachosema kwenye simu na shangazi yake, lakini tukifungua mdomo kwenye sherehe kule Arlington au Alief, mjomba anacheka: “Kiswahili gani hicho?” Basi tunafunga mdomo. Tukikutana klabuni na kufanyiana vilevile, tutakuwa tumeijenga upya ile meza ya mjomba, safari hii kwa karatasi.

Tukaenda kutazama wenye kazi hiyo wanafanyaje. Waandishi wa programu wana mazoea ya kukutana na kupeana mada, na hata hapa kwetu wamekuja. PyCon, kongamano la watumiaji wa lugha ya Python, lilifanyika Addison, kaskazini tu mwa Dallas, mwaka 2006 na tena 2007. Kongamano hilo liliendeshwa kwa kujitolea. Mtoa mada hakulipwa, na kwa desturi yao ya miaka mingi hata yeye alijilipia kiingilio kama wengine. Kwa Waswahili wa Afrika Mashariki pia mambo haya si mageni. DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar mwezi Novemba 2023, na ya mwaka 2025 ikafanyika Arusha. Katika mikutano ya aina hii mtu hutumia wiki kadhaa kuandaa mada ya dakika thelathini. Ujira wake mkubwa ni kujua kama ilifika, na ilifika wapi.

Njia za kumjulisha ni nyingi. Katika makongamano ya QCon na ya NDC, mlangoni palikuwa pakiwekwa kadi za rangi tatu. Ukitoka unadondosha moja kwenye sanduku: ya kijani kama umeridhika, ya njano kama ni hivi hivi, nyekundu kama hukuridhika. Uzuri wake ni kwamba haichukui hata sekunde tano, kwa hiyo watu wengi hushiriki, wakati fomu ndefu hujazwa na wachache, hasa waliofurahi mno na waliokasirika mno. Upungufu wake nao uko wazi. Mtoa mada anahesabu kadi zake na kukuta nyekundu ishirini, lakini kadi haisemi kama alizungumza haraka, au maandishi ya ukutani yalikuwa madogo, au alichosema si kweli.

Tena kuridhika kwenyewe kunaweza kudanganya. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walimchukua mwigizaji wa filamu, Michael Fox, wakampa jina la bandia la Daktari Myron L. Fox na sifa za usomi zisizo zake. Wakamfundisha kutoa mhadhara juu ya matumizi ya hisabati katika elimu ya madaktari. Mhadhara ulijaa maneno ya kubuni, sentensi zinazopingana na vichekesho vilivyosemwa kwa ustadi, na ndani yake hakukuwa na kitu. Wasikilizaji walikuwa wasomi: madaktari wa akili, wanasaikolojia, walimu. Walipojaza fomu, wengi walimsifu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1973 na mpaka leo huitwa kwa jina la daktari huyo asiyekuwepo. Kwa hiyo fungu letu la kwanza, lile la “nzuri sana”, angelipata hata Daktari Fox. Na wahenga walishaonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mfano tulioupenda kuliko yote ulimalizikia Houston, ingawa ulianzia mbali. Kuna mkutano mkubwa wa wanawake wa kompyuta unaoitwa kwa jina la Grace Hopper, mwanamke mwanahisabati na afisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa fani hii. Mwezi Oktoba 2014 mkutano huo ulifanyika Phoenix. Viongozi wanaume wa kampuni kubwa waliwekwa jukwaani wazungumzie jinsi wanaume wanavyoweza kuwasaidia wanawake kazini. Wanawake ukumbini walikuwa wameshayasikia mengi ya maneno hayo. Wapo waliokuwa wametengeneza kadi za mchezo zenye misemo waliyoitarajia, wakawa wanaipigia alama kila inapotamkwa.

Kesho yake, tarehe 9 Oktoba, Satya Nadella wa Microsoft aliulizwa na Maria Klawe, wakati huo mkuu wa Harvey Mudd College, awashauri nini wanawake wanaoona taabu kuomba nyongeza ya mshahara. Akajibu kwamba kuomba si muhimu sana, waamini tu kwamba mfumo utawapa wanachostahili. Bi. Klawe alimwambia palepale jukwaani kwamba hakubaliani naye, na ukumbi ukapiga makofi. Siku hiyo hiyo Nadella aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba jibu lake lilikuwa kosa kabisa.

Huo ulikuwa mrejesho wa haraka. Uliotugusa zaidi ni ule wa polepole. Kabla mkutano haujaisha, baadhi ya wale viongozi wa kikao cha kwanza walirudi kwenye kikao kingine, na safari hii wao walinyamaza na wanawake wakasema: yaliyowapata kazini, na kwa nini ushauri waliopewa haukuwafaa. Mwaka uliofuata mkutano ulihamia Houston, katika ukumbi wa George R. Brown. Mmoja wa wale viongozi, Blake Irving wa GoDaddy, alirudi mbele ya wanawake hao na kuweka hadharani takwimu za mishahara ya wanaume na wanawake wa kampuni yake. Kampuni hiyo ilikuwa imewahi kusemwa sana kwa matangazo yake yaliyowadhalilisha wanawake. Mtu anaweza kubishana juu ya takwimu zenyewe, na kubishana ni haki. Lakini tazameni mwendo wake: watu walisikiliza, wakajibu hoja, mwenye hoja akaondoka nayo, na baada ya mwaka akarudi na kitu mkononi.

Wale wanawake wa Phoenix hawakumjibu Nadella kwa lafudhi yake, ingawa yeye amekulia India na lafudhi anayo. Walimjibu alichosema. Kumjibu mtu hoja yake, hata kwa ukali, ni kumhesabu kuwa mwenzako katika mazungumzo. Yule dada wa lori alikuja kwetu na hoja, akaondoka na masahihisho ya ngeli. Ni kama mtu akupe futari, wewe umrudishie sahani na maneno kwamba sahani yenyewe ina ufa.

Kuna wanaosema, nao wana sababu: tusiposahihishana hapa, tutajifunza wapi? Walimu wetu hasa wanatuona tukirudia “programu hiki” mwaka mzima, na kazi yao ni kutunyoosha. Tunakubali. Tumejiandikisha madarasani kwao kwa hiari yetu kwa sababu tunataka kunyooshwa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tunachoomba ni kutenganisha mambo mawili. Sarufi ina wakati wake na hoja ina wakati wake, na mtu akipokea vyote viwili kwa pamoja, cha kwanza kinachomuuma hufunika kile kingine. Isitoshe, si kila kinachosikika kigeni ni kosa. “Programu hiki” ni kosa la ngeli. “Batoto” ni Kiswahili cha watu, na jibu linalofaa hapo ni kuuliza kwao mambo mengine husemwaje.

Wengine wanasema kukosoa mbele za watu ni kukosa adabu, na kwamba “nzuri sana” ndiyo heshima yetu. Hapa tunapinga kidogo. Waswahili wana njia ya zamani ya kujibu jukwaa, na taarabu ndiyo shahidi. Mtu anapotunza hangoji wimbo uishe ili aseme wote ulikuwa mzuri. Anasubiri ule mstari uliomchoma, ananyanyuka, anacheza taratibu mpaka mbele na kumpa mwimbaji noti yake. Ukumbi mzima unajua ni mstari gani, na mara nyingine unajua pia amemlenga nani. Huo ni mrejesho unaoonyesha mahali. Mwimbaji akirudi nyumbani anajua ubeti gani ulifanya kazi. Heshima haijavunjika hata kidogo, na hakuna aliyeandika “nzuri sana”.

Waandishi wa programu nao wana utaratibu unaofanana na huo, isipokuwa wao huutumia kwa makosa. Hitilafu katika programu wao huiita mdudu. Mwaka 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II kule Harvard walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine. Walimbandika kwenye daftari la kazi, wakaandika saa na sehemu ya mashine alikopatikana. Grace Hopper alikuwa katika kundi hilo, na alipenda kukisimulia kisa hicho maisha yake yote. Mpaka leo, ukitaka kumwarifu mtu kwamba programu yake ina hitilafu, hutamwandikia “programu yako mbaya”. Unamwandikia mambo matatu: nilikuwa nafanya nini, nilitarajia nini, kikatokea nini. Akiyapata hayo matatu anaweza kukaa chini na kurekebisha. Asipoyapata, amebaki na huzuni tu.

Sasa turudi kwenye zile karatasi zetu, maana kulikuwa na moja ambayo hatujaitaja. Ilitoka Houston, kwa ujumbe. Mwandishi wake, ambaye naye ana mjomba anayeendesha lori, aliuliza hivi: uliposema simu inatambua yenyewe kwamba lori limevuka mpaka wa jimbo, nilidhani inategemea mtandao, je, dereva akiwa magharibi ya Amarillo anaelekea New Mexico na simu haina mtandao, maili hizo zinaandikwa jimbo gani? Kiswahili cha ujumbe huo kilikuwa na makosa yake, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuyahesabu. Yule dada aliupiga picha akauhifadhi. Wiki hiyo hiyo alimwomba baba yake azime mtandao wa simu akiwa njiani. Akakuta maili zote zinabaki kwenye jimbo la nyuma mpaka mtandao urudi. Kwa mzee anayetozwa kodi kwa maili, hiyo ni hela. Sasa anaishughulikia, na bado hajaamua atazungumza kwa lugha gani muhula ujao.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo, na tunaomba yajadiliwe kwenye mkutano mkuu wa klabu.

Kwanza, tuwe na karatasi mbili. Ya kwanza ni ya hoja, na kila msikilizaji anaijaza. Ya pili ni ya lugha, na mtoa mada mwenyewe anachagua kama anaitaka siku hiyo, au baadaye, au anataka kukaa na mwalimu faraghani.

Pili, karatasi ya hoja iwe na mistari mitatu tu. Wa kwanza: ni sehemu gani ya mada uliyoikumbuka ulipofika mlangoni? Wa pili: ni wapi ulipotea, au ulitarajia nini usikipate? Wa tatu: swali moja ambalo ungependa lijibiwe. Asiyeweza kujaza mstari wa kwanza ajiulize kama alikuwa anasikiliza.

Tatu, tuandike kabla ya chakula. Mada ikiisha, dakika tano za kimya, kalamu mkononi, sambusa bado zimefunikwa. Tunajijua. Sambusa zikishafunuliwa hakuna anayekumbuka habari za hifadhidata.

Nne, kuhusu majina. Katika makongamano mengi mrejesho hauna jina, na kuna sababu: mdogo anaweza kumwambia mkubwa ukweli bila kuogopa. Karatasi ya hoja ibaki hivyo, mwenye kutaka aandike jina, asiyetaka aache. Lakini anayesahihisha lugha ya mwenzake ajiandike, na awe tayari kukaa naye dakika kumi. Utaona jinsi kalamu inavyolainika mtu akijua ataitwa.

Tano, na hili ndilo tunalolipigania zaidi: mtoa mada arudi. Mkutano unaofuata apewe dakika tatu atuambie alichofanya na mrejesho aliopewa, alichokikubali na alichokikataa. Anaruhusiwa kukataa. Bila hatua hii karatasi zetu zitaishia kwenye bahasha ya katibu.

Walimu wetu, kwenu tuna ombi dogo la ziada. Mkihudhuria jioni zetu, tunajua masikio yenu hayalali. Tunawaomba swali lenu la kwanza liwe juu ya alichosema mwanafunzi. Mwalimu akimuuliza binti maswali mawili juu ya lori la baba yake, kwa Kiswahili, na binti akajibu kwa Kiswahili, amemfundisha zaidi ya orodha ya makosa kumi, kwa kuwa atajibu akiwa anafikiria maili na mafuta huku lugha ikimtumikia.

Jioni ijayo ya mada itakuwa juu ya afya na uuguzi, na orodha ya wazungumzaji bado ina nafasi. Yule mwenzetu wa Bukavu ameshajiandikisha tena. Amesema ataeleza jinsi mama yake anavyowatafsiria wagonjwa hospitalini, na kwamba atasema batoto kila anapotaka. Njooni na kalamu.